Pakiti ya Kijani Juu ya Presi Namba Tatu

Siok-gim alikuwa jikoni nyuma ya karakana, akiunguza vinyweleo vya mwisho kwenye miguu miwili ya nguruwe juu ya moto wa gesi, aliposikia presi namba tatu ikipiga vibaya.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameisikia presi ile ikikata bati upande wa pili wa ukuta. Aliujua mlio wake kama alivyokijua kikohozi cha marehemu mumewe. Du, kimya, du, kimya. Safari hii ilisema du, lakini ndani ya ile du mlikuwa na kitu kibichi, kama muwa unaovunjwa kwa goti. Kikaja kimya kirefu kuliko kawaida. Halafu mtu akapiga yowe.

Alizima gesi kwanza. Ndivyo alivyoumbwa, hata siku mumewe alipokata roho alifunga bomba lililokuwa likitiririka kabla ya kukaa chini kulia. Kisha akakimbia, mwiko ungali mkononi.

Wagino alikuwa amepiga magoti mbele ya presi, mkono wa kulia umelala mezani chini ya kichwa cha chuma ambacho kilikuwa kimeshapanda. Kiganja kilikuwepo bado. Kilichokosekana ni unene wake. Kilikuwa kama glavu iliyopitiwa na gurudumu, na damu ilikuwa ikiruka kutoka kwenye kifundo, ikilipiga bati, ikiipiga taa, ikimpiga Wagino mwenyewe usoni.

"Msimkodolee macho!" Siok-gim aliwafokea wanaume. "Mshikeni mabega!"

Alivua aproni, akazifunga kamba zake juu ya kiwiko, akapenyeza mwiko, akausokota mpaka damu ikaacha kuruka, ikawa inadondoka tu. Wagino alikuwa mtu wa Java, mwaka wa nne sasa akifanya kazi ugenini pale Shengang, mcheshi, baba wa mtoto wa kike ambaye hajawahi kumwona ila kwenye simu. Midomo yake ilikuwa imegeuka majivu.

"Mama," alisema, "taa iliwaka nyekundu. Niliiona. Mashine iliniona. Mbona haikusimama?"

Siok-gim aliukaza mwiko tena. Aliinua macho akamtazama mwanawe.

Kai alikuwa amesimama kando ya kabati la kompyuta ya presi, mikono kichwani, mdomo wazi. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka ishirini na saba. Ile miguu ya nguruwe ilikuwa yake, ya kupikiwa tambi za siku ya kuzaliwa.

Gari la wagonjwa likaja, likamchukua Wagino. Mke wa Hiong, shemeji yake Siok-gim, akapanda naye, kwa kuwa ndiye aliyetunza karatasi za bima. Mlango wa gari ulipofungwa tu, Parjo, binamu yake Wagino, aliokota kipande cha nondo sakafuni, akamwendea Kai. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili Kai alilikinga kwa mkono, na kila mtu akasikia mfupa ukilalamika. La tatu lilimpasua juu ya jicho.

"Wewe ndiye uliyeigusa!" Parjo alikuwa analia huku anapiga. "Miaka minne hamna kitu! Umeigusa wiki iliyopita, leo ndugu yangu hana mkono!"

Kai hakuurudisha hata mkono mmoja. Aliteremka taratibu ukutani mpaka akakaa, uso wote damu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri ile nondo tangu asubuhi.

Siok-gim alichukua ndoo ya maji ya kupozea vyuma akawamwagia wote wawili. Kisha akaingia katikati yao. Alikuwa mwanamke mfupi, kichwa chake kilimfikia Parjo kifuani.

"Nipige mimi," alisema. "Huyu nimemzaa mimi. Anza na mimi."

Parjo alibaki anatweta, nondo juu. Fundi Tho, mzee wa karakana aliyebaki na vidole saba tangu ujana wake, aliitoa ile nondo mkononi mwake polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

Parjo alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomchoma Siok-gim. Presi namba tatu ilikuwa kuukuu, breki yake imechoka. Tek, mumewe, aliifungia kompyuta ya Linux na macho ya taa pande zote mbili, ili mkono ukipita katikati kichwa kisimame. Programu ya kazi hiyo ilipatikana bure mtandaoni, imeshapikwa na kufungwa kwenye pakiti. Unaiteremsha, unaiweka, dakika mbili umemaliza. Lakini Tek hakuiweka kamwe ile ya pakiti. Kila mara alichukua chanzo chake, yaani maandishi yenyewe ambayo programu hupikwa kutokana nayo, akabadilisha mahali pamoja, akaipika upya papo hapo kwenye kompyuta ya presi. Ilichukua zaidi ya saa tatu. Mistari ilikimbia kwenye skrini kama mvua kwenye kioo, naye Tek akikaa mbele yake na bakuli la chai.

"Si wanaiuza imeshaiva?" Siok-gim alimuuliza siku moja.

"Aliyeipika hajaiona breki yetu," Tek alimjibu. "Ile ya pakiti huliuliza jicho mara kumi, kweli umeona mkono? kweli? kweli? Mashine mpya zina breki kali, zinaweza kungoja. Yetu ikingoja mara kumi, mkono umekwenda. Yangu inaamini mara ya kwanza."

Hilo alilielewa. Elimu yake ilikuwa ya shule ya msingi tu, lakini kusadiki mara ya kwanza unapooneshwa jambo, hilo hata kanisani hufundishwa.

Miezi kumi na minne baada ya kumzika Tek, diski ya kompyuta ilikufa. Kai, aliyekuwa ameacha kazi yake nzuri ya uhandisi kule mjini Hsinchu ili aje kushika nafasi ya baba, alipekua kila droo akitafuta chanzo cha baba yake, asikione. Akaweka ile ya pakiti. Wakaijaribu kwa boksi la karatasi, presi ikiwa kwenye mwendo wa pole, ikasimama, watu wakapiga makofi.

"Baba yako alikuwa anapika," Siok-gim alimwambia siku ile.

"Mama, siku hizi nani anapika? Baba alipenda tu kutazama mistari."

Siok-gim alikuwa na neno mdomoni akalimeza, kwa sababu mtoto amesoma na yeye hakusoma. Sasa neno lile lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba.

Hiong alitoka ofisini akifuta jasho shingoni. Alikuwa mdogo wake Tek, mwenye nusu ya karakana, mtu wa sauti kubwa na mikono mizito.

"Osheni meza," alisema. "Tunaendelea."

Hakuna aliyesogea.

"Hamkunisikia? Kontena la vishikio vya baiskeli linafungwa saa kumi. Kalibu inayovipa vile vishikio umbo haikai kwenye presi nyingine. Yule Wagino aliingiza mkono mwenyewe, usingizi wa kukesha na simu ule. Kesho mkaguzi wa serikali akija ataikuta mashine inapiga kazi, salama salimini, na kosa ni la aliyekosa."

"Taa iliwaka, bosi," Parjo alisema.

"Wewe ulikuwa wapi? Chooni! Basi funga mdomo." Akamgeukia Kai. "Wewe mhandisi. Mashine nzima au mbovu?"

Kai alijiinua kwa kuushika ukuta. Damu ilikuwa imemfumba jicho moja. "Niliijaribu, baba mdogo. Ilisimama."

"Mmesikia? Ilisimama!"

"Niliijaribu kwa mwendo wa pole." Kai alikohoa. "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimama hapo. Nimeiweka mimi, nitailisha bati mimi. Ikitaka mkono mwingine, uwe wa kwangu."

"Huo ndio uanaume," Hiong akasema, akampiga begani, kwenye lile bega lililochubuka. "Baba yako angejivuna."

Siok-gim alimwona mwanawe akienda kwenye presi akiwa amekunja mikono ya shati. Aliiona mikono yenyewe: mirefu, ya baba yake, na kovu dogo la kisu cha kuchongea penseli kwenye kidole gumba cha kushoto. Hakupiga kelele. Alizunguka, akarudi jikoni.

"Mwacheni akaombe," Hiong alisema nyuma yake. "Shemeji yangu kila jambo lazima alipeleke juu kwanza."

Ni kweli aliomba, lakini alikuwa anatembea. Aliporudi alikuwa ameshika mguu mmoja wa nguruwe kwa kwato. Parjo alipouona alirudi nyuma hatua mbili, mikono juu, asije akaguswa. Siok-gim alimsukuma mwanawe kando kwa nyonga, akanyoosha mkono, akaurusha ule mguu katikati ya macho ya taa, na kwa kisigino akalikanyaga kanyagio la presi.

Kichwa kilishuka kwa mwendo wake kamili.

Taa nyekundu iliwaka. Wote waliiona. Iliwaka mguu ulipopita, ikaendelea kuwaka, na kichwa kikaendelea kushuka. Du. Mfupa ulilipuka. Ngozi ilipasuka pembeni na mafuta yakaruka mpaka miwani ya Fundi Tho. Kichwa kilipopanda, pale mezani hapakuwa na mguu tena; palikuwa na kitu kipana cheupe na chekundu, na kwato moja imesimama peke yake.

Kai alijikunja akatapika.

"Huo ulikuwa mkono wako," Siok-gim alimwambia.

Kofi la Hiong lilimkuta hajageuka vizuri. Lilimwangusha juu ya mapipa ya vyuma chakavu. Aliuma ulimi, akahisi jino likilegea.

"Mwanamke mpumbavu! Umeharibu kalibu! Mnataka nifungwe? Mnataka nikalale jela kwa sababu ya mguu wa nguruwe?"

Hakumaliza. Kai alikuwa ameokota spana ndefu ya kufungulia kalibu, na spana ile ilimkuta baba yake mdogo mbavuni. Hiong aliinama. Ya pili ilimkuta mgongoni, akaenda chini kwa magoti yote mawili. Kai aliinyanyua mara ya tatu kwa mikono miwili, juu ya kisogo, na kwenye lile jicho lake moja lililo wazi mama yake hakumwona mtu anayemfahamu.

"Kai!" Sauti ilimtoka Siok-gim na damu. "Nimetoka kuuokoa mkono huo sasa hivi! Usiniharibie!"

Kai akaiachia spana. Ikaanguka, ikalia sakafuni kwa muda mrefu.

Hiong alijikokota mpaka ofisini, akajifungia. Walimsikia akikohoa na kutukana.

"Hakuna namna, mama," Kai alisema. Alikuwa amekaa chini karibu na mama yake, akimfuta mdomo kwa shati. "Kesho baba mdogo ataleta mtu mwingine. Ataleta vibarua. Huyo naye atalisha hiyo mashine. Chanzo cha baba hakipo. Ningeweza kuandika upya, lakini sijui alibadilisha wapi. Kuna mafaili mia sita mle. Nimetafuta kila mahali anapoweka vitu vyake."

"Umetafuta mahali anapoweka vitu vyake," Siok-gim alirudia, "au mahali pasipoguswa?"

Macho yake yalikuwa juu ya kabati la kompyuta. Pale juu ilikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ile ambayo jina lake maana yake ni tulia, uwe mtoto mwema. Hakuna karakana wala chumba cha kompyuta pale kwao kisichokuwa nayo. Lazima iwe ya kijani, ya njano huleta ubishi. Lazima tarehe yake iwe haijapita. Na haifunguliwi wala hailiwi, kwa kuwa ni ya mashine. Siok-gim, mzee wa kanisa la mtaani, alimsuta mumewe kwa ajili yake miaka yote: "Wewe unayeimba kwaya, unaihonga mashine bisi?" Tek alicheka tu. Kila mwaka aliinunua mwenyewe, akaiweka mwenyewe, hakumruhusu mtu.

Siku diski ilipokufa, Hiong aliitazama tarehe kwenye ile pakiti akapiga ukelele: imepita miezi mitatu! Ndiyo maana mashine imekufa! Akaitupa, akaweka mpya. Kila mtu alimsifu. Siok-gim alipokuwa anatoa takataka aliiona, na juu yake mwandiko wa Tek, tarehe kwa kalamu nyeusi. Hakuweza kuuacha mwandiko ule uende jalalani. Aliichukua, akaona aibu, akaificha kwenye kopo la mchele. Alikumbuka kwamba kilikuwemo kitu kigumu. Alidhani ni kile kichezeo cha watoto kinachotiwa ndani ya kila pakiti. Na chini palikuwa na utepe wa plastiki wenye gundi. Alidhani panya walitoboa, Tek akaziba.

Alikwenda akaileta, imejaa vumbi la mchele.

"Usifungue!" Fundi Tho aliruka. "Shemeji, hicho ni chakula cha mashine! Leo damu imemwagika mara mbili, unataka ya tatu?"

"Tho," Siok-gim alisema, "aliyetuumba sisi na vyuma hali bisi."

Akaipasua. Harufu ya nazi iliyochacha ikatoka. Vitafunio vilimwagika mezani, na katikati yake ikaanguka flashi nyeusi, imevingirishwa karatasi. Kai alikunjua karatasi. Aliisoma, akageuza uso ukutani, mabega yakatikisika. Mama yake aliichukua. Mistari miwili tu, kwa herufi kubwa, kama mtu anayemwandikia mtu asiyesoma sana:

*Mtakuja kuibadilisha hii pakiti ikiisha muda, ndipo mtaikuta. Kai, usiharakishe, pika.*

Maskini Tek. Alifikiri kila jambo isipokuwa hili: kwamba watu wa kwao wataitupa pakiti iliyoisha muda bila kuthubutu kuifungua.

Saa tano kasorobo Kai alitia diski tupu, ile yenye programu ya pakiti akaichomoa akaitia mfukoni. "Hii ni ya mkaguzi," alisema. "Nitamkabidhi na nitamwambia nani aliiweka." Kisha akaifungua flashi, akaandika maneno machache kwenye kibodi kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa umevimba kama mhogo. Mistari ikaanza kukimbia.

Siok-gim alivuta kigoda akakaa mbele ya sanduku la swichi kuu, nyundo mapajani.

Saa sita wakasikia mlango wa ofisi. Hiong alitoka ameshika ubavu, uso umesawijika, akaiona skrini. Akaelewa mara moja, hakuwa mjinga.

"Mnafanya nini? Mnapika? Mnapika sasa?" Alikaribia kucheka. "Saa tatu na ushei! Kontena linafungwa! Na mkibadilisha programu leo, shemeji, mmekiri. Mmesema kwa mdomo wenu kwamba kosa ni letu."

"Ni letu," Siok-gim alisema.

"Toka hapo."

"Sitoki."

"Kaka yangu amekufa. Hii karakana ni mimi ninayeilisha. Toka kwenye swichi."

Siok-gim aliinua nyundo, lakini mikono yake haikuwa ya kupiga watu, na Hiong alilijua hilo. Aliinyakua akaitupa, akamsukuma yeye na kigoda, akalifungua sanduku na kuivuta swichi chini. Karakana nzima ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi. Siok-gim aliamka, akatia mkono wa kulia ndani ya sanduku ili airudishe. Hiong akaubamiza mlango wa chuma juu ya vidole vyake. Akaubamiza tena. Akaegemea kwa uzito wake wote.

Siok-gim hakulia. Alitoa sauti ndogo, kama birika kabla halijachemka, na kwa vidole viwili vilivyobaki vikifanya kazi akaendelea kuisukuma ile swichi juu.

Pigo la nondo lilimpata Hiong nyuma ya goti. Kisha la pili, pembeni ya goti, na goti likakubali kwenda upande ambao goti haliendi. Alianguka anapiga mayowe. Parjo alisimama juu yake.

"Ndugu yangu aliiona taa," Parjo alisema. "Aliiona!" Akainua tena, na safari hii Fundi Tho na Kai walimdaka wote wawili, mmoja kiuno, mmoja mkono.

Swichi ikapanda. Taa zikawaka. Kai aliikimbilia kompyuta huku anatukana na kulia, akangoja iamke, akaandika neno moja.

"Imepotea yote?" Siok-gim aliuliza. Vidole vyake viwili, cha kati na cha pete, vilikuwa vimekwenda upande.

"Hapana." Kai aliisogelea skrini. "Hapana, mama. Inajua ilipofikia. Vilivyoiva haivipiki tena."

Mistari ikakimbia. Walimfunga Hiong goti kwa ubao na mkanda wa mashine. Aliwatukana mpaka akachoka, kisha akalala sakafuni anatazama dari. Gari la pili la wagonjwa lilimchukua saa saba. Siok-gim alikataa kupanda. Alifunga vidole vyake kwa kitambaa na vijiti vya kulia chakula, akakaa tena kwenye kigoda, midomo ikisogea bila sauti. Parjo alikuja akakaa sakafuni kando yake.

Saa nane na dakika kumi na saba mistari ilisimama.

"Imeiva," Kai alisema.

Siok-gim alileta mguu wa pili wa nguruwe. Kai alitaka kuupokea, akamkatalia. Fundi Tho alikanyaga kanyagio kwa mti mrefu, amefumba macho. Kichwa kilishuka kwa mwendo wake wote na nguvu zake za tani themanini, na Siok-gim akaurusha mguu katikati ya macho ya taa.

Presi ilipiga kelele. Breki ililia kama mbwa aliyekanyagwa, vumbi likamwagika kutoka juu, sakafu ikatetemeka. Kichwa kikasimama.

Mguu ulikuwa mzima chini yake. Kai aliingiza vidole kati ya chuma na ngozi kupima, na mama yake alikaribia kumpiga kwa kule kuingiza. Vidole viwili vililala pale vikajaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Parjo alitoka nje, akakaa ukingoni mwa mfereji, akaficha uso kwenye magoti.

Kontena lilifungwa saa kumi bila vishikio vyao. Siok-gim alizipika tambi kwa mkono mmoja, na mwanawe akala siku yake ya kuzaliwa mezani kwa mama, mikono yote miwili juu ya bakuli, naye akiitazama. Kwenye sufuria nyingine, safi, isiyowahi kugusa nguruwe, alipika tambi za mayai. Akazitia kwenye chombo, akaenda nazo hospitali.

Wagino alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Mkono wake ulikuwa umeishia juu kidogo ya kifundo, umefungwa bandeji nyeupe mviringo. Parjo alikuwa ameshampigia simu.

"Mama," alisema. "Wanasema mmeijaribu tena."

"Tumeijaribu."

"Ikasimama?"

"Ikasimama."

Alilamba midomo. "Mbali kiasi gani?"

Siok-gim aliinua mkono wa kulia amwoneshe, akaukuta umefungwa kitambaa na vijiti. Akaushusha, akainua wa kushoto, akabana vidole viwili pamoja.

Wagino alivitazama vile vidole kwa muda mrefu. Kisha akageukia ukutani, naye Siok-gim akafungua chombo, akachukua kijiko, akangoja mpaka atakapogeuka.